Ufunguzi wa Mfereji wa Kisimani

Mfereji wa mtaa wa Kisimani ulikuwa ukitoa maji tangu enzi za Mwingereza, na hilo ndilo lililouponza. Uhuru ulikuwa umeshaingia mwaka wa pili, na kila diwani mjini alikuwa na kitu cha kufungua. Mmoja alifungua choo cha umma. Mwengine alifungua soko ambalo samaki walikuwa wakiuzwa humo tangu babu yake hajazaliwa. Wa upande wa Makadara alifungua taa za barabarani, kwa beni ya tarumbeta na pilau. Diwani Athmani peke yake ndiye hakuwa na lake. Akauzunguka mtaa mzima, akatazama juu na chini, na kitu pekee cha serikali alichokiona ni ule mfereji wa bomba penye kona ya duka la Yeslam, unatiririka, kina mama wamepanga ndoo zao.

Akatangaza kwamba utafunguliwa rasmi. Utajengewa kijumba cha saruji, utapakwa rangi za bendera, utawekewa jiwe la marumaru lenye maandishi, na mgeni mkubwa atatoka Nairobi kuja kuufungua. Mtu mmoja pale barazani akauliza kitu kilicho wazi kitafunguliwaje. Diwani akamjibu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo, kwamba kitafungwa kwanza.

Aliyekabidhiwa ufunguo alikuwa Abdulghafur. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mrefu, kanzu yake haikosi pasi, aliyefanya ukarani bandarini mpaka Wazungu wa ghala lake wakafunga virago wakaenda kwao. Tangu hapo hakuwa na kazi, ila neno hilo hakulipenda. Akiulizwa husema anapumzika. Nyumba ilisimama kwa mkono wa mkewe, Mwanaesha, aliyeamka alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, akiwauzia mlangoni makuli waendao bandarini. Abdulghafur aliwaambia watu kwamba mkewe hujishughulisha kidogo kuondoa uvivu. Mwanaesha aliyasikia hayo kutoka jikoni, na unga mikononi, na hakuwa na nafasi ya kuyajibu.

Kwa hiyo diwani alipomwendea na kumwambia kwamba yeye ni mtu wa kalamu, na kwamba kamati ya ufunguzi haiwezi kupata mwenyekiti mwengine kama yeye, Abdulghafur alihisi kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya watu kulisahau. Diwani akaongeza kwamba sherehe ikenda vizuri, mji utahitaji msimamizi wa mifereji. Kazi ya heshima, ina mshahara na baiskeli. Kisha akamtilia kiganjani ufunguo wa kufuli.

Mwenyekiti akautia ufunguo kwenye uzi mweusi, akauvaa shingoni juu ya kanzu, mahali ambapo mtu yeyote angeuona.

Mafundi walikuja, wakavunja, wakajenga. Kijumba cha saruji kikasimama, cheusi, chekundu na kijani, na mdomo wa mfereji ukitokeza ubavuni umefungwa mnyororo. Yeslam, ambaye duka lake la kahawa na tende lilipakana nacho, alisema kimefanana na kaburi la mtu aliyekufa na deni la rangi. Nyumba mbili tatu zilizokuwa na mifereji ya ndani nazo zilikauka siku hiyo hiyo, kwa kuwa bomba ni lile lile. Kisima cha zamani, kile kilichoupa mtaa jina lake, kilikuwa kimezibwa kwa zege na bwana afya zamani, siku mfereji ulipoletwa. Cha msikitini kilibaki, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi. Yalifaa kutawadhia, hayakufaa kupikia.

Haikuwa neno, walisema watu. Ni siku chache tu mpaka Jumamosi.

Jumamosi ikafika, na mgeni akaleta udhuru. Jumamosi ya pili ilikuwa na mkutano mwengine Kisumu. Ya tatu hakuna aliyeeleza chochote. Beni ilikuja, ikapiga nyimbo mbili kwa kuwa ilikuwa imeshalipwa, ikaondoka.

*

Maji ya Kisimani sasa yalitoka Makupa, kwa mkokoteni. Aliyeyaleta ni Baya, kijana mwenye mabega mapana na maneno machache, aliyeusukuma mkokoteni wa madebe katika vichochoro tangu jua halijatoka. Wiki ya kwanza debe lilikuwa na bei ya kuvumilika. Wiki ya pili likapanda, na ya tatu likapanda tena. Mwanaesha alianza kupunguza unga, kisha akapunguza mbaazi, kwa sababu mbaazi hunywa maji kama ngamia. Makuli walipokuta sufuria limekwisha mapema, walianza kupitia njia nyengine.

Siku moja alimuuliza Baya kwa nini anawapandishia watu hivyo. Baya akajibu kwamba si yeye. Mkokoteni si wake, yeye ni wa kusukuma tu. Mwenyewe ni shemeji yake diwani, na bei hutoka huko.

Mwanaesha alimpelekea mumewe habari hiyo pamoja na chai. Abdulghafur akamwambia asisikilize maneno ya watu wa mikokoteni. Diwani, alisema, ni mtu anayejenga nchi. Mwanaesha akamtazama, akautazama ule ufunguo kifuani pake, akasema kwamba chai hiyo ainywe yote, kwani hakuna ya pili.

Mtaani nako mambo yalibadilika. Mwanzo watu walimwamkia mwenyekiti kwa cheo. Kisha wakawa wanamwamkia kwa haraka. Kisha kina mama wakawa wakipita chini ya dirisha lake na ndoo tupu, wakizigonganisha zaidi kidogo kuliko ilivyolazimu. Yeslam, aliyekuwa akimpa kikombe cha pili cha kahawa bila ya kuombwa, alianza kusahau. Abdulghafur alijieleza kwamba kila mtu mwenye madaraka huonewa kijicho. Alijieleza hivyo mara nyingi, hasa alipokuwa amejilaza mchana na koo limemkauka.

*

Siku ya Ijumaa, mgeni akiwa anatarajiwa kesho yake bila shaka yoyote safari hii, Mona alishikwa na uchungu.

Mona alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa ameletwa na mumewe, baharia, kabla ya kuondoka safarini, aje azalie kwa mamake kama ilivyo ada. Bi Nyevu, mkunga wa mtaa, alifika asubuhi, akamtazama, akatoka ukumbini akikunja mikono ya nguo yake. Akasema mtoto amekaa vyema lakini mama mtu ataka kusaidiwa, na kwamba anahitaji maji, mengi, ya moto na ya baridi, na tangu sasa.

Mtungini mlikuwa na maji ya kufunika kiganja. Mwanaesha akatoka mlangoni kumngojea Baya. Akangoja mpaka jua likapanda juu ya mapaa. Mwisho akapita mwanamke mmoja akamwambia asijichoshe. Mikokoteni imekatazwa kuonekana Kisimani mpaka sherehe iishe, mgeni asije akakuta maji yanauzwa.

Aliingia ndani. Abdulghafur alikuwa mbele ya kioo, amelivaa joho lake la harusi juu ya kanzu, anajipima kwa ajili ya kesho.

"Baba Mona," alisema Mwanaesha, "nipa ufunguo."

Abdulghafur alimwambia taratibu kwamba ufunguo si wake. Ni amana. Kuna taratibu katika kazi za umma, na mtu mmoja akianza kujifungulia, kesho kila mtu atajifungulia.

"Mwanao ndiye atakaye kujifungua," alisema mkewe. Hakupandisha sauti. Kutoka chumba cha pili walimsikia Mona akivuta pumzi kwa meno, na Bi Nyevu akimwambia neno la kumtuliza.

Abdulghafur alilivua lile joho, akalikunja, akaliweka kitandani. Akasema atakwenda kwa diwani mwenyewe, apate ruhusa, na atarudi mara moja. Mwanaesha akasema nenda. Alilisema hilo kama mtu anayemwambia mtoto akachezee nje.

*

Diwani Athmani alikuwa na chumba cha kazi juu ya duka la mshona nguo, kule Makadara. Abdulghafur alipanda ngazi mbili mbili, jambo ambalo umri wake haukumruhusu, akafika akihema. Alimkuta diwani amesimama katikati ya chumba, karatasi mkononi, na vijana wake wawili wamekaa kwenye mkeka wakimsikiliza. Alikuwa akijifundisha hotuba ya kesho.

Kabla Abdulghafur hajamaliza salamu, diwani alimwonyesha kiti. Alisema amekuja wakati mzuri, kwani alimhitaji mtu mwenye elimu amwambie kama hotuba ina uzito. Kisha akaanza upya, kutoka mwanzo.

Hotuba ilikuwa na uzito. Ilianza na wakoloni, ikapita kwenye ukombozi wa bara zima, ikarudi Kisimani kwa njia ndefu. Ilisema kwamba kwa miaka na miaka watu wa mtaa huu walikuwa na kiu, na kwamba leo, kwa mara ya kwanza, maji yamewafikia. Abdulghafur alikaa ukingoni mwa kiti. Alitaka kusema. Alifungua kinywa mara kadhaa, na kila mara diwani aliinua kidole kuonyesha kwamba sehemu nzuri inakuja. Hotuba ilipofika mwisho wake, vijana wawili wakapiga makofi, na mikono ya Abdulghafur ikapiga nayo. Aliitazama ikipiga. Binti yake alikuwa anaumwa na uchungu katika nyumba isiyo na maji, na yeye alikuwa ameketi Makadara anapiga makofi.

Ndipo akasema haja yake. Alisema kwa kifupi: ndoo mbili tu, afungue na kufunga.

Diwani akasikitika. Alikuwa hodari wa kusikitika. Akamshika bega, akamwombea mzazi salama, akasema yeye pia ni baba. Lakini akamtaka afikiri.

"Ukiufungua leo," alisema, "kesho mgeni atafungua nini?"

Akamkumbusha pia juu ya ile kazi. Akamwambia baiskeli imeshafika, iko stoo, ina kengele. Kisha akamuuliza kama lile neno "ukombozi" alitaje mara tatu au mara nne.

Abdulghafur alisema mara nne, akashuka ngazi.

Alirudi kwa miguu iliyoijua njia, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa akitazama. Njia nzima alitafuta maneno ya kumpelekea mkewe. Aliyapanga vizuri, kama alivyokuwa akipanga shehena ghalani: kwamba diwani anawasalimu, kwamba anawaombea, kwamba ni usiku mmoja tu. Alipofika kwenye kona, kina mama wa Kisimani walikuwa wamesimama mlangoni pake na vibakuli. Kila mmoja ameleta alichobakiza ndani: huyu maji ya kikombe, huyu ya birika, mwengine ya chungu, yana vumbi juu. Wanawake wale wale waliokuwa wakimgonganishia ndoo. Walimpisha apite.

Mwanaesha alikuwa ukumbini akiyakusanya yale maji katika sufuria moja. Hakumuuliza diwani amesemaje. Aliinua uso, akamtazama mara moja, akaendelea kumimina. Maneno yote aliyoyapanga Abdulghafur hayakupata pa kutokea.

Akageuka, akatoka.

Mbele ya mfereji akautia ufunguo, na kufuli lilikuwa jipya na gumu. Yeslam alitoka dukani na kusimama kizingitini, mikono kiunoni. Kufuli likakubali, mnyororo ukaanguka juu ya saruji kwa kishindo, na Abdulghafur akaushika ule mfereji akauzungusha. Maji yakatoka. Yalitoka ya uvuguvugu, na harufu ya rangi mbichi, lakini yalikuwa maji matamu, na ndoo ya kwanza ikajaa, na ya pili, zikapokewa mkono kwa mkono mpaka ndani kwa Bi Nyevu.

Habari haikuhitaji mtu wa kuitangaza. Milango ikafunguka kichochoro kizima, kina mama wakaja na kila kilichokuwa na tako. Hapo ndipo Yeslam alipomsogelea mwenyekiti sikioni.

"Fanya hisabati yako," alimwambia. "Hayo ni ya pipa."

Abdulghafur hakuelewa. Yeslam akamwonyesha juu ya paa la duka lake, ambapo pipa kubwa lilikuwa limefunikwa kwa gunia, na bomba jembamba limeteremka nyuma ya kijumba. Akaeleza kwamba mafundi walipojenga waliukata mfereji kutoka bomba kuu, wasiuunge tena, kwani kiungo hakikupatikana. Diwani akaomba pipa liwekwe pale juu kwa ajili ya siku ya sherehe. Baya alilijaza asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kukatazwa njia.

"Nilidhani wajua," alisema Yeslam. "Si wewe mwenyekiti?"

Abdulghafur akalitazama lile pipa. Mwezi mzima alikuwa amelinda kwa kufuli bomba lisilokuwa na kitu nyuma yake. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mfereji. Angeweza kuufunga sasa. Mzazi ameshapata yake, na yaliyobaki pipani yangemtosha mgeni kunawa, na baiskeli ingekuwa bado iko stoo. Mwanamke wa mbele kwenye foleni, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alikuwa akimtazama usoni, ndoo yake imejaa nusu.

Akauachia. Akamwambia achukue, na wote wachukue, mpaka yaishe.

Yakaisha baada ya Alasiri. Muda si mrefu Mona akajifungua mtoto wa kike, na Bi Nyevu akatoka ukumbini mwenye jasho, akamwambia Abdulghafur kwamba sasa anaweza kukaa chini.

*

Mgeni alikuja kweli. Alishuka garini, mtu mnene mwenye suti nzito ya Nairobi, joto likampokea kama taulo la maji moto. Beni ilipiga. Watoto wa chuo cha Kurani waliimba. Diwani Athmani alisema hotuba yake yote, na ukombozi ukatajwa mara nne. Abdulghafur alikuwa amesimama mahali pa mwenyekiti, kwa kanzu yake ya kila siku. Alikuwa ameamka na nia ya kumwambia diwani mapema, lakini diwani alikuja pamoja na mgeni, na hakukuwa na upenyo. Kufuli alikuwa amelirudisha. Hakujua kitu chengine cha kufanya.

Mgeni akaukata utepe kwa makasi. Akafungua kufuli. Akaugeuza mfereji, wapiga picha wakiwa wameinama.

Mfereji ukakohoa. Ukatoa pumzi ndefu, kama mtu anayeamshwa, kisha tone moja la maji yenye kutu, ambalo lilining'inia mdomoni likafikiri, likaanguka juu ya kiatu cha mgeni.

Diwani aligeuka rangi. Lakini mgeni alikuwa mtu mzoefu, aliyekwisha kufungua vitu vingi katika nchi hii. Aliinua mikono juu, akasema kwa sauti kubwa kwamba sasa umefunguliwa, akapiga makofi mwenyewe. Na watu walipoona mtu mkubwa anapiga makofi, wakapiga. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali na suti nzito, akainama na kumuuliza diwani kama anaweza kupata maji ya kunywa.

Diwani akamtazama Yeslam. Yeslam alikuwa na kahawa na tende tu. Vijana wa diwani wakapiga mbio huku na huku. Mwisho ikabidi wabishe mlango wa Abdulghafur. Mwanaesha akawasikiliza, akaingia ndani, akarudi na bilauri safi juu ya sinia, imefunikwa kitambaa. Hakuwapa wale vijana. Alimwita mumewe.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie ni maji ya mzazi, lakini mgeni wetu hatumnyimi."

Abdulghafur aliichukua sinia, akaipitisha katikati ya watu waliomfungulia njia. Mgeni akanywa yote, akapangusa midomo, akasema maji ya Mombasa ni matamu, na akauliza yametoka wapi.

"Hapo, mheshimiwa," alisema Abdulghafur, akauonyesha mfereji. "Nalifungua mimi jana. Binti yangu alikuwa yuwazaa. Yalikuwa ya pipa, na yamekwisha. Bomba halikuungwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni alimtazama diwani kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu, kisha akairudisha bilauri kwenye sinia, akasema asante, akamuuliza Abdulghafur mtoto ni mume au mke. Akajibiwa ni mke. Akasema vyema, akaingia garini.

Magazeti yaliandika kwamba mfereji ulifunguliwa kwa shangwe. Katikati ya wiki iliyofuata walikuja mafundi wawili na spana, bila ya beni, wakachimba, wakaunga, na kabla ya Adhuhuri maji yalikuwa yakitiririka kama zamani. Kijana mmoja wa diwani alikuja kuuchukua ufunguo, na hakukaa. Baiskeli alipewa shemeji yake diwani, pamoja na kazi yake. Naye aliiendesha mtaani mara moja moja, akipiga kengele penye watu.

Mwanaesha aliongeza tena unga, na makuli wakarudi. Ila sasa alikuwa na mzazi ndani na mikono miwili tu, na alfajiri moja alimwambia mumewe kwamba mbaazi ziko motoni na mtungi mtupu. Abdulghafur alivaa kikoi, akachukua ndoo, akatoka. Kina mama walikuwa wameshajipanga mpaka kwenye mlango wa Yeslam. Miguu yake, kwa mazoea ya mwezi mzima, ilimpeleka moja kwa moja mbele, chini ya lile jiwe la marumaru. Bi Nyevu, aliyekuwa wa tatu, akamgusa bega kwa ukingo wa ndoo yake, akamwonyesha nyuma.

Akaenda nyuma, akasimama.